Tenga la Shangazi

Mwanangu alizikwa kwenye kibanja chetu hapa Nyanga, upande wa juu, karibu na babu yake, na chakula walichokula watu siku ile kiliungwa kwa nyanya za Uganda. Naanza na jambo hilo kwa sababu ndilo lisilotoka kichwani mwangu. Wengine waliofiwa hukumbuka wimbo, au maneno ya padri. Mimi nakumbuka mchuzi.

Ili nieleweke, inabidi nimweleze kwanza dada yangu, anayenifuata kuzaliwa. Aliolewa Uganda, Kyotera, tukiwa bado vijana, na huko amezeekea. Ni mwepesi wa maneno kuliko mimi. Kila alipokuja kututembelea, kabla hajakaa, alikuwa anapita moja kwa moja jikoni kwa mke wangu na kuangalia ungo wa nyanya.

"Hizi nimepanda nazo gari moja," alikuwa anasema, akishika moja na kuibonyeza. "Nyie watu wa Bukoba, bila sisi mngekula ndizi kwa chumvi."

"Wifi, kaa kwanza, unywe chai," mke wangu alimjibu. "Chai ni ya huku."

"Sukari je?"

Tulicheka. Mwanangu peke yake hakucheka sana. Utani ule aliupenda, lakini ulimchoma. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakuendelea, akapata kibarua cha kupakua matenga ya nyanya sokoni Bukoba. Alijua kila gari lilikotoka. Jioni alirudi nguo zake zikinuka majani ya nyanya, akiniambia, "Tata, leo tena zote zimetoka ng'ambo. Hata tenga moja la kwetu sikulibeba."

Nilimwambia sababu ni mvua. Huku kwetu mvua haikatiki, na nyanya haitaki mvua. Mke wangu alijaribu mara nyingi kuzipanda pembeni mwa migomba. Zinaota vizuri, zinatoa maua, halafu siku chache za mvua na ukungu majani yanakuwa meusi kama yameunguzwa. Mji wa watu wanaokula ndizi kwa mchuzi kila siku hauwezi kusubiri jua. Kwa hiyo unategemea wengine.

Yeye hakuridhika na jibu hilo. Akatafuta mahali penye jua na maji, akapata Ngenge, kule Muleba, bondeni, ambako watu wanalima mpunga kwa maji ya mto. Alikodi kipande cha shamba kando ya mfereji, akajenga kibanda cha nyasi, akaanza. Kazi ile si ya mchezo. Nilikwenda kumwona nikamkuta amebeba bomba la dawa mgongoni, macho mekundu, akipigana na wale wadudu tunaowaita kantangaze, ambao wakiingia kwenye nyanya unaona tundu dogo tu nje, na ndani kumekwisha. Alikuwa amekonda. Lakini alinionyesha mistari yake ya nyanya kama mtu anayekutambulisha kwa wakwe.

Mavuno yake ya kwanza wanunuzi walikuja na lori wakazoa zote. Alinipigia simu kwa furaha, akasema nimwambie mama yake kesho aende sokoni mapema, akawatizame watu wa Bukoba wakinunua nyanya zake. Mama yake alikwenda. Hakuziona. Kesho yake mwanangu akapiga tena, sauti imeshuka.

"Tata, lori lilipita Bukoba bila kusimama. Dereva ameniambia walikuwa wanakwenda Mutukula, mpakani. Wanavusha."

Uganda walikuwa na kiangazi wakati ule. Nyanya zao zilikuwa zimepungua, wakahitaji za kwetu. Na sokoni Bukoba ziliendelea kuuzwa zile chache za ng'ambo, kwa sababu wachuuzi wa hapa wamezoeana na watu wao wa huko, na mazoea hayavunjwi na jua la mwezi mmoja. Basi nyanya za Muleba zilikuwa zinapanda kwenda Uganda, na za Uganda zinashuka kuja Bukoba, na njiani zilipishana.

Siku aliyokuja nyumbani alimpigia shangazi yake tukiwa tumekaa uani, akaweka sauti kubwa ili na sisi tusikie.

"Shangazi, leo umekula nini?"

"Matoke na mchuzi. Unataka kunitapisha?"

"Mchuzi wa nyanya za wapi?"

"Za sokoni, wewe! Nyanya ina ukoo?"

"Kamwulize anayekuuzia."

Kesho yake shangazi ndiye aliyepiga. "Mtoto wewe umeniaibisha. Nimemwuliza yule mama mbele ya watu, akaniambia, 'Nnyabo, hizi ni za kwenu Tanzania.' Watu wamenicheka."

"Sasa nani angekula kwa chumvi?"

"Chumvi? Sisi zikikosekana tunapika kwa karanga, wala hatulalamiki. Nyie mna nini zaidi ya kutoa macho barabarani?"

Niliona kwamba neno lile lilimwingia mwanangu. Mimi niliishia darasa la saba na sijui mambo ya biashara ya nchi na nchi, lakini baada ya simu ile tulilizungumza na mwanangu mpaka ndizi zikaiva jikoni, na nadhani dada yangu alikuwa na haki. Nchi zote mbili zinaegemeana, lakini uzito haulingani. Kule Kyotera nyanya ya kutoka nje ni nyongeza. Ikikosekana wanarudi kwenye karanga zao, na mchuzi unakuwa mchuzi. Hapa kwetu mjini gari la kutoka Mutukula likiharibika njiani, mama wa mgahawa anaanza kukata nyanya moja kwa sufuria nzima. Wao wanatuhitaji kidogo. Sisi tunawahitaji sana, na hatusemi.

"Mwaka huu shangazi nitamletea tenga zima mpaka mlangoni," mwanangu alisema. "Langu mwenyewe. Halafu na Bukoba nitaleta. Lakini kwanza yeye."

Akampigia kumwahidi. Dada yangu akamwambia kwa nini tenga moja, yeye si mgonjwa, alete lori. Akajibu, "Tenga kwanza, shangazi." Tangu hapo kila walipozungumza, salamu ya dada yangu ilikuwa hiyo: "Tenga langu liko wapi?" Naye alijibu kadiri shamba lilivyokuwa. Liko kitaluni. Limehamishwa. Limetoa maua. Mara ya mwisho alimjibu, "Limeanza kugeuka rangi, shangazi. Tafuta kisu."

Ilianza kama homa tu. Alidhani ni uchovu wa kumwagilia. Jirani yake wa shamba alipomkuta hajatoka kibandani, alimpakia kwenye pikipiki hadi hospitali Muleba, na sisi tukapigiwa. Tulifika yupo hai. Alinitambua. Hakusema neno la kukumbukwa. Aliomba maji, akauliza kama mvua imenyesha Ngenge. Nilimwambia haijanyesha. Nilikuwa sijui, nilisema tu. Alifariki asubuhi, mama yake amemshika mguu.

Dada yangu alipopata habari, mabasi ya siku ile yalikuwa yamekwisha kuondoka. Akatafuta chochote kilichokuwa kinakuja Bukoba, na kilichokuwa kinakuja ni gari la nyanya. Alifika Nyanga amekaa nyuma juu ya matenga, khanga imechafuka, na aliposhuka hakulia kwanza. Alinishika mabega akasema, "Kaka, nimekuja nimekalia nyanya." Halafu ndipo akalia, na sisi sote tuliokuwa tumejikaza tukashindwa.

Kwetu nyumba iliyofiwa haiwashi moto wa kupika. Majirani na watu wa jumuiya ndio wanaoleta chakula, na chakula hicho tunakiita engemu. Walikileta kwa wingi, ndizi zilizopikwa na maharage, masufuria yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Dada yangu alionja, akaweka sahani chini. Alinitazama nami nikamtazama. Wala hatukuwa na haja ya kuulizana nyanya zile zilitoka wapi.

Tulikuwa bado hatujakaa vizuri kwenye nyasi za matanga simu yangu ilipoita. Alikuwa yule jirani wa Ngenge, mkulima wa mpunga, mtu wa kutoka mbali aliyehamia bondeni. Alinipa pole kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Mzee, nyanya za kijana zimeiva. Zote kwa pamoja. Nizivune au nizitazame?"

Nilimwambia asubiri, nikaenda kuwauliza wazee wa ukoo waliokuwa wamekaa kando ya mlango.

Desturi yetu mtu akifa ni kwamba jembe haliingii shambani mwa wafiwa mpaka matanga yaondolewe, na kilichokuwa cha marehemu hakiguswi mpaka mrithi atajwe mbele ya watu. Nimekulia ndani ya desturi hiyo. Imezuia ugomvi mwingi; nimewaona watu wa koo zisizoijali wakivutana kahawa kaburi bado bichi. Kwa hiyo sikwenda kwa wazee kupingana nao. Nilikwenda kuuliza.

Mkubwa wao, ndugu wa baba yangu, aliniuliza, "Zimeiva kiasi gani?"

"Amesema zote."

"Mkungu wa ndizi ukikomaa unasubiri. Kahawa ikiiva inasubiri."

"Nyanya haisubiri, baba."

"Basi hiyo si mali," alisema mzee. "Hiyo ni mboga."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. Mzee mwenyewe hakucheka. Aliona uso wangu, akanishika mkono. "Mwanangu, tukiruhusu nyanya leo, kesho atakuja mwenye maharage. Wewe unajua. Mrithi ni mdogo wake marehemu, na yuko njiani kutoka Dar es Salaam. Tusubiri."

Dada yangu alisikia. Alisimama mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamke aliyeolewa nje halifanyi kirahisi, akapiga magoti na kusema, "Waitu, mimi siombi shamba. Naomba tenga moja tu. Alinipa mwenyewe kwa mdomo wake."

"Alikupa, au aliahidi?" aliuliza mzee.

"Aliahidi," alijibu dada yangu.

"Tenga lako halijatoka shambani, binti yangu. Bado ni lake."

Nikampigia jirani nikamwambia asiguse kitu. Alisema, "Nimekuelewa, mzee. Hata sisi kwetu tunaheshimu. Lakini sitaacha shamba la rafiki yangu life. Nitalitunza." Nilimshukuru. Sikufikiria atalitunza namna gani.

Siku za matanga zilikwenda kama zinavyokwenda. Watu walikuja, wakakaa kwenye nyasi, wakasali rozari, wakazungumza habari za senene na bei ya kahawa, wakaondoka. Dada yangu alikuwa anakaa ukutani akipokea simu za Kyotera, na kila aliyepiga alimwambia huko nyanya zimejaa mpaka zinamwagwa, mvua zilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa najua kilichokuwa kinatokea Ngenge kila siku jua lilipopanda. Sikuhitaji kukiona. Mtu aliyemwona mwanawe akifukuza kantangaze kwa macho mekundu anaweza kuhesabu mwenyewe nyanya inavyolegea, inavyopasuka, inavyoanguka.

Siku ya kuondoa matanga mdogo wake alitajwa mrithi, akavikwa na kukalishwa mbele ya watu kama inavyopasa. Ni kijana mzuri, fundi wa majokofu. Nilipomwomba ruhusa ya nyanya za kaka yake alinitazama kwa huruma. "Chukua tu, tata. Mimi ningezifanyia nini?"

Tukaenda Ngenge, mimi na dada yangu. Alibeba tenga tupu kutoka sokoni Bukoba. Watu ndani ya basi walilitazama, maana mtu hupeleka tenga tupu akiwa mfanyabiashara, na yeye alikuwa amevaa nguo nyeusi.

Harufu tuliipata kabla hatujafika kwenye shamba, chachu, kama pombe iliyosahauliwa. Nilitegemea kukuta mimea imekauka. Haikuwa imekauka. Ardhi ilikuwa imelowa, maji yamesimama kati ya mistari, viatu vyangu vilizama. Nyanya zilikuwa zimepasuka kwenye mashina, nyingine zimedondoka na kulala majini na mbegu zao nje. Ndege walikuwa wamekula za juu. Zilizobaki zilikuwa na matundu.

Jirani alikuja mbio amevua kofia. "Mzee, karibu. Sikugusa hata moja. Lakini kila asubuhi nilimfungulia maji. Niliona kumwagilia si kuvuna."

Yeye ni mtu wa mpunga. Mpunga ukiupa maji unakushukuru. Nyanya iliyoiva ukiipa maji inapasuka. Mwanangu angemwambia, kila mara nyanya zilipoanza kugeuka rangi alikuwa anafunga mfereji. Nilitazama mikono ya yule mtu, imechubuka kwa jembe la kufungulia maji, na nikajua kwamba alikuwa ameamka alfajiri kila siku ya matanga yetu kufanya kazi ile iliyokuwa inaua shamba.

"Umefanya vizuri," nilimwambia. "Asante sana."

Huo ndio uongo mmoja niliousema katika msiba wote, ukiacha ule wa mvua.

Dada yangu alikuwa ameshaingia kati ya mistari, ameinama, khanga ameikunja kiunoni. Alifunua kila shina. Alikuta chache zilizokuwa zimechelewa, ndogo, nyingine bado kijani, zimejificha chini ya majani upande wa juu ambako maji hayakufika sana. Mimi nilishika tenga. Tulipomaliza, zilifunika chini tu.

"Halijai," alisema.

"Halijai."

"Aliniahidi zima." Alisema taratibu bila kunilaumu, kama mtu anayesoma kipimo. Kisha akachukua majani makavu akazifunika, akafunga tenga kwa kamba juu mpaka chini kana kwamba limejaa.

Bukoba tulikofikia, akitafuta gari la kumrudisha Mutukula, kijana mmoja wa kupakia mizigo alilinyanyua tenga kwa mkono mmoja akashangaa wepesi wake. Akauliza ni nini. Dada yangu akamwambia ni nyanya.

"Mama, nyanya unazipeleka Uganda? Saa hizi? Kwa wenzako ndiko zinakotoka! Huko wanalishia nguruwe!"

"Najua."

"Sasa utamwuzia nani?"

"Siuzi," alisema dada yangu. "Ni zawadi."

"Ya nani?"

"Yangu."

Kijana alinitazama, akaona tulivyovaa, akaliweka tenga mahali pazuri, si chini ya mizigo mingine. Hakudai kitu.

Baada ya siku kadhaa dada yangu alipiga simu. Alisema alizitandaza dirishani mpaka zile za kijani zikageuka, akapika mchuzi, akaita majirani wake waliokuwa wanajua habari ya ahadi ile. Walikula wote. Nikasubiri aseme zilikuwaje. Akasema, "Kaka, nilitaka nikwambie zilikuwa tamu. Zilikuwa na maji."

Nilimshukuru kwa kuniambia hivyo. Angesema zilikuwa tamu ningejua ananionea huruma, na kesho nisingemwamini kwa jambo lingine.

Shamba la Ngenge limerudi kwa mwenyewe, na nasikia yule jirani amelikodi na kupanda mpunga. Magari ya nyanya yanaendelea kupita, ya kupanda na ya kushuka, kutegemea jua liko upande gani wa mpaka. Nikiyaona barabarani siulizi tena ya wapi. Sokoni nawapita wauza nyanya bila kusimama, na wengine wao walimjua mwanangu, hunisalimia kwa sauti ya chini.

Mke wangu hajawahi kusema kwamba ameacha kupika kwa nyanya. Sikumwuliza. Ungo wa nyanya upo pale pale jikoni, ameweka vitunguu. Dada yangu alikuja juzi kututembelea, na kwa mara ya kwanza hakupita jikoni. Alikaa uani akasubiri kama mgeni. Chakula kilipoletwa alikionja, akatutazama mmoja mmoja, akaendelea kula. Zilikuwa ndizi na maharage, zimeungwa kwa chumvi.